Umebuni Kifaa? Andikisha Kwanza, Onyesha Baadaye

Mwezi wa Agosti mzee mmoja wa sikimu yetu hapa Trans Nzoia aliingia ofisini akiwa na gunia begani. Alikuja kutaka fomu ya kuingiza kitu katika onyesho la kilimo la mwaka huu. Nilipomwuliza ni kitu gani, alifungua gunia akatoa mashine ya kupukuchua mahindi, ya kukanyagwa kwa pedeli ya baiskeli, aliyoiunda mwenyewe kwa vyuma vikuukuu. Alitia magunzi matatu, akazungusha kwa mkono, na punje zikamwagika juu ya meza yangu. Nilizitazama. Hata moja haikuvunjika.

Wewe mkulima wa mahindi unajua maana ya jambo hilo. Punje iliyovunjika huliwa upesi na fukuzi, hushika kuvu upesi, na mnunuzi akiiona hupunguza bei au huikataa. Mashine nyingi za meno ya chuma huvunja punje, hasa mahindi yakiwa hayajakauka sawasawa. Mzee alikuwa ametoa meno ya chuma akatia meno ya mpira, aliyoyakata katika gurudumu kuukuu la lori, na kila jino limefungwa kwa namna ambayo likilika upande mmoja laweza kugeuzwa likatumika upande wa pili.

Nikamwuliza, "Mzee, watu wangapi wameiona hii?"

"Mwaka jana niliipeleka kwenye onyesho," akasema. "Watu waliifurahia sana. Hata fundi mmoja kutoka ng'ambo ya Suam, upande wa Uganda, alinunua moja. Nasikia sasa anaziunda kwake na kuziuza. Je, karani, mwanangu, nitamshitaki wapi?"

Basi ilinibidi nimwambie neno gumu. Hana pa kumshitaki. Fundi yule hakuiba kitu kwa sheria. Alinunua mashine sokoni, akaitazama, akaunda nyingine katika nchi ambayo mzee hana hati yoyote. Na hata angekuwa ameiunda hapa Kitale mjini, jambo lingekuwa lile lile, maana hata hapa Kenya mzee hakuwa ameandikisha chochote.

Nimeandika makala haya kwa ajili ya wale miongoni mwenu walio na vitu kama hivyo ghalani. Nao si wachache. Mkulima mwenye ekari tano na fedha kidogo hulazimika kubuni. Lakini wengi hudhani ya kwamba hataza ni jambo la makampuni makubwa na la watu wa Ulaya. Hapo zamani dhana hiyo ilikuwa na sababu yake.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Hataza ni hati ya serikali inayompa mbunifu haki ya kumkataza mtu mwingine kuunda, kuuza au kutumia kwa biashara kitu alichokibuni, kwa muda uliowekwa. Hapa kwetu muda huo ni miaka 20 tangu siku ya kupeleka ombi. Naye mbunifu, kwa kulipia haki hiyo, hueleza wazi kwa maandishi jinsi kitu chake kinavyofanya kazi, ili muda ukiisha kila mtu aweze kukitumia. Ni mapatano kati yake na nchi. Na kwa kuwa ni mapatano na nchi, hataza hukoma mpakani. Hataza ya Kenya haina nguvu Mbale wala Arusha.

Zamani, kabla ya mwaka 1990, mtu wa Kenya hakuweza hata kupeleka ombi lake la kwanza Nairobi. Sheria iliyokuwapo ilitaka kwanza upate hataza Uingereza, kisha uje kuiandikisha hapa. Fikiria mkulima wa Kinangop au wa Lugari katika mwaka 1965, amebuni jembe jipya, anaambiwa aanzie London! Sheria ya Mali ya Viwanda ya mwaka 1989, iliyoanza kutumika Februari 1990, ndiyo iliyoleta ofisi yetu wenyewe. Baadaye ilitungwa sheria mpya ya mwaka 2001, na tangu mwaka 2002 ofisi hiyo inaitwa KIPI. Iko Nairobi, South C, katika barabara ya Popo.

Lakini kuwa na ofisi ni jambo moja, na kuwa na watu wa kutosha ndani yake ni jambo jingine. Kuchunguza ombi la hataza si kazi ya kupiga mhuri. Lazima awepo mchunguzi anayejua mashine, mwingine anayejua dawa, mwingine anayejua umeme, nao watafute katika maandishi ya dunia nzima kuona kama kitu hicho kweli ni kipya. Nchi moja changa hupata taabu kuwaweka watu hao wote. Nchi ishirini zikifanya hivyo kila moja peke yake, kila moja ikichunguza ombi lile lile, ni hasara tupu.

Kwa sababu hiyo nchi za Afrika zinazotumia Kiingereza zilikutana Lusaka, Zambia, na tarehe 9 Desemba 1976 zikakubali mapatano ya kuanzisha shirika moja. Mapatano hayo yalianza kutumika Februari 1978. Shirika hilo leo linaitwa ARIPO, yaani Shirika la Miliki Bunifu la Kanda ya Afrika, na makao yake makuu yako Harare, Zimbabwe. Lina nchi wanachama 22. Jirani zetu Uganda, Tanzania, Rwanda, Sudan na Somalia wamo. Ethiopia haimo, wala Afrika Kusini, wala Nigeria. Tangu mwaka 1985 mlango ulifunguliwa kwa nchi nyingine za Afrika pia, na ndiyo sababu utakuta Msumbiji humo, ingawa watu wake hutumia Kireno.

Mapatano ya Lusaka yalijenga nyumba tu. Kazi yenyewe ya hataza ilipangwa katika mkataba mwingine, uliotiwa sahihi Harare tarehe 10 Desemba 1982 na kuanza kutumika Aprili 1984. Kenya iliingia katika mkataba huo mwaka huo huo wa 1984. Nchi yaweza kuwa mwanachama wa shirika bila kuwa katika mkataba wa Harare. Somalia ni mfano. Kwa hiyo kabla ya kuitaja nchi yoyote, uliza kwanza.

Nitaeleza kwa mfano tunaoujua. Katika chama cha ushirika cha maziwa, kila mkulima ana ng'ombe wake, na hakuna anayeweza kumwamuru amchinje au amwuze. Lakini mtambo wa kupozea maziwa ni mmoja, na mpimaji wa maziwa ni mmoja. Hakuna mkulima anayenunua mtambo wake peke yake kwa ajili ya lita kumi. Vivyo hivyo kwa Harare. Kila nchi ina sheria yake, ofisi yake na mahakama yake. Lakini mpimaji ni mmoja. Wewe unapeleka ombi moja, kwa lugha moja ambayo ni Kiingereza, unataja nchi unazozitaka, na Harare hulichunguza mara moja kwa niaba ya zote.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Huna haja ya kusafiri kwenda Harare, wala huna haja ya kuandika barua ya nje. Mkataba unasema ombi laweza kupelekwa Harare moja kwa moja, au laweza kutolewa katika ofisi ya nchi iliyo katika mkataba. Maana yake, dirisha lile lile la KIPI huko South C linapokea ombi lako la Kenya na pia ombi lako la Harare. Ofisi yetu hulitia tarehe ya kupokelewa, kisha hulipeleka bila kukawia.

Harare ikilipokea, hutazama kwanza kama karatasi zimekamilika, na huziarifu nchi zilizotajwa. Kisha huchunguza mambo matatu: je, kitu ni kipya, je, kina ubunifu ndani yake ambao fundi wa kawaida asingeuona mara moja, je, chaweza kutumika katika kazi, kilimo kikiwa mojawapo. Ikiridhika, huziandikia nchi zilizotajwa ya kwamba inakusudia kutoa hataza. Na hapa ndipo nchi inapobaki na neno lake. Kila nchi ina miezi 6 ya kujibu kwamba, "Hataza hii, hata ukiitoa, haitakuwa na nguvu kwetu," ikieleza ya kuwa kitu hicho hakistahili kwa masharti ya mkataba, au ya kuwa sheria yake yenyewe inakataza hataza ya namna hiyo. Ikinyamaza mpaka miezi 6 ipite, basi hataza ya Harare itakuwa na nguvu katika nchi hiyo kama hataza yake yenyewe.

Kunyamaza ni kukubali. Nalisisitiza neno hili kwa sababu hataza hazitoki kwa wakulima peke yao. Sehemu kubwa ya maombi yanayofika Harare hutoka kwa makampuni ya nje kabisa ya nchi wanachama: ya dawa za binadamu, ya dawa za wadudu, ya mashine. Wao wanaijua njia hii vizuri sana. Ofisi yetu ya Nairobi hupata habari za kila ombi linaloitaja Kenya, nayo hutakiwa kulisoma na kujibu kwa wakati. Kama ofisi haina wachunguzi wa kutosha, miezi 6 hupita upesi kuliko msimu wa mahindi. Kwa hiyo usidhani ya kuwa kazi ya ofisi hiyo haikuhusu kwa sababu wewe hukubuni kitu. Dawa utakayonyunyizia mahindi mwakani huenda leo iko katika faili hizo.

Na Harare ikilikataa ombi lako? Bado hujafungiwa mlango. Una miezi 3 ya kuomba ya kwamba ombi lako ligeuzwe liwe ombi la kawaida katika nchi mojawapo uliyoitaja, lichunguzwe kwa sheria ya nchi hiyo.

Wenzetu wa nchi zinazotumia Kifaransa walichagua njia nyingine. Wao, tangu mapatano ya Libreville ya mwaka 1962, waliweka ofisi moja kwa wote, ambayo iko Yaoundé, Cameroon. Huko hakuna kuchagua nchi. Hati moja huzifunika zote, na hakuna hataza ya nchi moja moja. Ni rahisi zaidi kwa mwombaji. Lakini nchi haibaki na lile neno la miezi 6, na mimi kwa maoni yangu naona neno hilo lina thamani.

Narudi kwa jambo la ugomvi, maana mzee aliniuliza atashitaki wapi. Hataza ya Harare haishitakiwi Harare. Mtu akiiga kitu chako Kenya, unashitaki Kenya. Akiiga Uganda, unashitaki Uganda. Mwaka 1999 Harare ilitoa hataza namba AP 773, ya pipa la taka linalofunguliwa kwa kukanyaga kwa mguu, kwa kampuni moja ya Nairobi. Ni kitu kidogo, si chombo cha kwenda mwezini. Ugomvi juu ya pipa hilo ulisikilizwa Nairobi kwa miaka mingi, ukafika hata Mahakama ya Rufani. Na miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa ni ada za kila mwaka. Weka jambo hili akilini: hataza hulipiwa kila mwaka ili iendelee kuishi, na asiyelipa huipoteza. Ada za KIPI huhesabiwa kwa shilingi. Ada za Harare huhesabiwa kwa dola, nazo hupanda kwa kadiri ya nchi ulizozitaja. Sehemu yake hurudishwa kwa ofisi za nchi hizo. Kwa hiyo usitaje nchi kwa fahari. Taja nchi ambamo kitu chako kitanunuliwa au kitaigwa. Kwa mkulima wa hapa kwetu, Uganda yatosha, labda na Tanzania.

Sasa nieleze habari ya onyesho, kwa maana hilo ndilo lililonifanya nimzuie mzee fomu yake kwa siku ile.

Kitu hakiwi kipya kama watu wamekwisha kukiona au kusoma habari zake. Haidhuru aliyewaonyesha ni wewe mwenyewe. Sheria ya Kenya ina huruma kidogo: ukikionyesha kitu chako mwenyewe, una miezi 12 ya kupeleka ombi kabla kosa hilo halijahesabiwa juu yako. Lakini mkataba wa Harare hautoi msamaha mpana namna hiyo, na nchi nyingi za dunia hazitoi kabisa. Mkulima akipeleka mashine yake kwenye onyesho Novemba, kisha akaja kwetu Agosti, Kenya bado anaweza kusalimika, lakini njia ya Harare amekwisha kuipoteza kwa mkono wake. Onyesho ni kitu kizuri, nami napenda kuliona limejaa. Ila liwe baada ya kupata tarehe ya kupokelewa kwa ombi, si kabla yake.

Nilipomweleza mzee hivyo alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Lakini ile ya mwaka jana haikuwa na meno haya. Ilikuwa na meno ya chuma."

Nilimwuliza tena na tena ili niwe na hakika. Mashine aliyoionyesha, na ile aliyoiuza kwa fundi wa ng'ambo, ilikuwa na mdomo wa springi na meno ya chuma, nayo ilivunja punje kama nyingine zote. Meno ya mpira aliyaweka mwezi wa Aprili mwaka huu, na waliokwisha kuyaona ni mkewe na mwanawe tu. Na mimi. Nilirudisha mashine ndani ya gunia kwa haraka kabla mgeni mwingine hajaingia.

Ndipo tukaanza kutafuta. Wewe pia unaweza kufanya kazi hii kabla ya kutoa hata shilingi moja, ukiwa na kijana mwenye simu ya intaneti. Kuna maktaba za hataza ambazo hutazamwa bila malipo: ile ya Ulaya inayoitwa Espacenet, na ile ya Shirika la Miliki Bunifu Duniani inayoitwa PATENTSCOPE. Tuliandika maneno ya Kiingereza ya mashine ya kupukuchua mahindi, tukakuta maelfu. Mzee alikuwa akijivunia zaidi zile springi zake. Tukakuta Wamarekani waliandikisha mashine za springi tangu karne ya 19! Alicheka mwenyewe. Lakini meno ya mpira yanayogeuzwa kwa namna yake hatukuyaona. Hilo si hukumu. Mchunguzi atatafuta kwa ustadi kutushinda, na huenda akayapata. Ila sasa tunajua ni kipi cha kuombea na kipi cha kuacha.

Kwa kitu cha namna hii, ambacho ni kifaa cha zamani kilichotengenezwa kikawa bora zaidi, kuna hati ndogo kuliko hataza. Sheria yetu inaitoa kwa kitu kipya chenye manufaa, bila kutaka ubunifu mkubwa, nayo hudumu miaka 10 tangu kutolewa. Harare pia hupokea maombi ya hati hiyo ndogo. Wakulima wengi itawafaa kuliko hataza yenyewe, na usione haya kuiomba.

Kuna mambo ambayo usijisumbue kuyapeleka. Mbegu mpya uliyoichagua mwenyewe kwa miaka mingi haipati hataza. Haki za aina mpya za mimea zina sheria yake ya mbegu, na mlango wake ni KEPHIS. Namna ya kumtibu ng'ombe haipati hataza. Na dawa ambayo babu yako aliitumia, na babu wa jirani yako pia, haiwezi kuwa yako peke yako, wala ya mtu mwingine.

Juu ya hili la mwisho, utazame mwarobaini. Ofisi ya hataza ya kanda ya Ulaya, iliyo Munich, Ujerumani, mwaka 1994 iliipa wizara ya kilimo ya Marekani na kampuni ya W. R. Grace hataza ya namna ya kuua kuvu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Mwaka 1995 watu walipinga, miongoni mwao Vandana Shiva wa India na chama cha kimataifa cha wakulima wa kilimo hai. Waliitwa mashahidi, na ikaonekana ya kwamba India mafuta hayo yalikuwa yakitumika hivyo kabla ya ombi. Mwaka 2000 ofisi ya Munich ikaifuta hataza, na mwaka 2005 rufani ikashindwa. Ilichukua miaka kumi, na ilihitaji watu wenye uwezo wa kufika Munich. Mchunguzi wa mwanzo hakuwa mtu mwovu. Yeye husoma maandishi, na yale wanayoyajua wakulima mara nyingi hayajaandikwa. Hapa Kenya mtu anayehusika aweza kuomba Baraza la Mali ya Viwanda lifute hataza, katika miezi 9 tangu kutangazwa kwake. Ukisikia kwamba mtu ameandikisha kitu mnachokifanya sikimuni tangu enzi za wazazi wenu, usikae mwaka mzima ukinung'unika kwenye soko. Njoo ofisini, na uje na wazee.

Kwa mwenye kifaa, nitaeleza tulivyofanya kwa mzee ili nawe uige.

Tulichora mashine kila upande, na kila sehemu ikapewa namba. Tukaandika kwa Kiswahili jinsi inavyofanya kazi, kisha mimi nikaandika Kiingereza, naye akakisikiliza na kunisahihisha mara mbili pale nilipokosea juu ya boliti. Tukaandika ni nini hasa anachodai kuwa chake. Sehemu hii ya mwisho ndiyo ngumu. Ukidai kipana mno, mchunguzi atakukuta na Wamarekani wa karne ya 19; ukidai chembamba mno, jirani atabadilisha boliti moja na kukuponyoka. Kwa hiyo mimi karani sikuimaliza peke yangu. Tulimtafuta wakala aliyeandikishwa na KIPI aitazame. Ni gharama, lakini ni gharama ya mara moja.

Kisha tukapeleka ombi la Kenya kwanza, peke yake. Kwa nini hatukutaja Uganda siku ile ile? Kwa sababu Kenya imo katika Mapatano ya Paris tangu mwaka 1965, na mapatano hayo yanampa mbunifu miezi 12 tangu ombi lake la kwanza. Katika miezi hiyo akipeleka ombi la Harare, litahesabiwa kama lilipelekwa siku ile ya kwanza. Kwa hati ndogo ni vivyo hivyo. Maana yake, mkulima anaweza kupata tarehe yake kwa shilingi za Kenya, auze mahindi, aone kama mashine inanunuliwa, ndipo aamue juu ya dola. Ombi lenyewe hukaa siri mpaka miezi 18. Ukichagua hataza badala ya hati ndogo, angalia jambo jingine: hapa Kenya lazima mwenyewe uombe uchunguzi kamili ndani ya miaka 3, vinginevyo ombi huhesabiwa kuwa limeachwa. Wengi husahau.

Mzee aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya wakala na ada. Mkewe hakupendezwa, naye alikuja kuniambia hivyo ana kwa ana. Nilimjibu kweli: hati haiuzi mashine. Yaweza kutolewa na asinunue mtu. Yaweza pia kukataliwa. Alinitazama, akauliza kama fundi wa ng'ambo ataweza kuweka meno ya mpira akiyaona Novemba. Nikasema kwa hati ya Kenya peke yake, ataweza, na atayauza kwake bila hofu, isipokuwa tupeleke ombi la Harare kabla ya mwaka kwisha tukiitaja Uganda. Akasema, "Basi mbuzi wa tatu nitamweka mimi."

Karatasi zilipokelewa Nairobi tarehe 18 Septemba. Namba ya ombi imo katika daftari la mzee, na nakala imo katika faili langu, na juu ya jalada nimeandika kwa wino mwekundu siku ya mwisho ya kupeleka Harare. Fomu ya onyesho nimempa jana.

Mwenye kifaa aje ofisini siku yoyote ya kazi kabla ya saa sita mchana. Alete kifaa kikiwa kimefunikwa, kitambulisho chake, na jina la kila mtu aliyekwisha kukiona na siku aliyokiona. Kama umekiuza au umekionyesha, sema kweli tangu mwanzo.